Robo ya Papa Hénock

Yaya Marcelline, dada yangu mpendwa,

Habari za Bukavu? Mgongo wa Mama unaendeleaje, na watoto wako wamepona kikohozi? Sisi huku Hillbrow tunapumua, Mungu ni mwema, ila lifti imekufa tena na mimi nakaa ghorofa ya tisa. Eish, miguu yangu!

Uliniuliza kuhusu chuo ninakosoma. Bado kipo pale nyuma ya kanisa, na mkuu wake ni yule yule Papa Hénock wa Uvira, aliyenifundisha Kiingereza bure nilipofika. Serikali inakipa ruzuku kwa sababu robo ya wanafunzi ni wakimbizi. Robo isipotimia, ruzuku inakatwa na walimu wanakwenda zao. Mwaka huu wenzetu wawili wamepata safari ya Kanada. Unatujua sisi na shukrani: walipita mbele, ngoma zikalia, kanisa zima likacheza. Papa Hénock alipiga makofi macho yamemwiva, maana sasa tumebaki robo kamili, hakuna wa ziada.

Jumapili iliyofuata alitusimamisha sisi wakimbizi tuliobaki, akatuombea, akasema Mungu awabariki hawa wasiotuacha. Rafiki yangu Murielle, anayesuka nywele mchana na kusoma jioni, alinishika mkono akaniambia tukimaliza tutafungua zahanati yetu. Nikatabasamu mpaka mashavu yakauma.

Yaya, kaa chini kwanza. Uraia wangu wa huku umetoka, mimi si mkimbizi tena. Baada ya foleni zote zile, na Mama kufunga na kuomba, kitambulisho ninacho, nimekificha ndani ya soksi. Kwa kitambulisho hicho ningeweza kuomba ufadhili wa serikali nikasome uuguzi chuo kikuu. Maombi yalifungwa jana, nami nilikaa tu kitandani. Ningejitangaza, robo ingepungua na Murielle angekosa darasa. Nampenda, lakini siku hizi hata sauti yake inanikera, na hilo linaniumiza zaidi.

Jumatatu anakuja mkaguzi wa serikali kuhesabu robo. Papa Hénock amenichagua nimkaribishe kwa niaba ya wakimbizi, kwa kuwa naongea vizuri. Wakigundua nadanganya, wanaweza kuninyang'anya huo uraia. Nilimwambia sawa, Papa.

Usimwambie Mama, nakusihi. Atapiga vigelegele mtaa mzima usikie, na habari itafika hadi kanisani kwetu huku kabla ya jioni. Msalimie shemeji, na wabusu watoto.

Mdogo wako, ambaye Jumatatu bado ni mkimbizi,

Héritière