Namsomea baba mkwe gazeti, ila habari natunga mwenyewe

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako na naomba unifikie kabla ya Jumatatu, maana ikifika Jumatatu sijui uso wangu nitauweka wapi. Mimi ni mshonaji, nashona sare za shule hapa hapa barazani kwangu, mume wangu ni dereva wa malori ya masafa marefu, hukaa njiani wiki mbili hadi tatu, na nyumbani tunabaki mimi na baba yake mzazi. Huyu baba mkwe wangu mtaani wanamwita Supavaiza, kwa sababu miaka thelathini na moja alisimamia ukumbi wa kufumia katika kiwanda cha nguo, na alikuwa na sifa moja, kwamba mashine sitini zikinguruma kwa pamoja yeye alisikia uzi mmoja ukikatika na akaenda moja kwa moja mpaka pale ulipokatikia. Macho yake yalififia kidogo kidogo, miaka miwili iliyopita yakazima kabisa. Redio haitaki, anasema redio inakimbia na huwezi kuiambia isimame. Anataka gazeti, na gazeti anataka asomewe na mimi, kila siku saa kumi alasiri nikishamaliza vifungo, yeye kwenye kiti chake na mimi kwenye kigoda changu, na nikifika mahali anapopapenda au asipopaelewa anainua kidole anasema, "Rudia hapo."

Sasa mshauri, kosa langu lilianza na yule mtoto wa miaka sita aliyepotea akitoka shule, ambaye magazeti yalimwandika siku nane mfululizo, na siku zote hizo nane baba hakutaka nianze na habari nyingine, swali lake lilikuwa moja tu, mtoto kapatikana? Siku ya tisa nikafungua ukurasa, macho yangu yakasoma kwamba amekutwa amefariki, na mdomo wangu ukasema amepatikana mzima kwa shangazi yake. Naapa sikukusudia. Baba akatoa leso, akafuta yale macho yasiyoona, akaniambia, "Mwanangu, Mungu bado yupo." Jioni ile alikula akaongeza, mtu ambaye wiki nzima alikuwa anasukuma sahani.

Basi nikaona kumbe ni rahisi hivyo. Mafuriko yakipita mji fulani, mimi nasoma kwamba watu walikuwa wamehamishwa jana yake. Daraja likivunjika, nasema halikuwa na gari hata moja juu yake. Wauguzi wakigoma, nawapatanisha na serikali hapo hapo aya ya pili, na kuna siku hata bei ya mafuta niliishusha, nikajicheka mwenyewe. Baba naye habari hizo hakukaa nazo, kila asubuhi alijongea na fimbo yake hadi kwa kinyozi wa jirani, akaketi kwenye benchi akawahadithia watu. Kinyozi alinikuta siku moja nikinunua uzi akaniambia kwa utani, mama, lile gazeti la mzee linauzwa wapi, na sisi tulinunue. Watu wakacheka na mimi nikacheka, lakini moyoni niliungua.

Na usidhani mimi napona, mshauri, maana ile kweli ninayomnyima yeye inabaki kwangu mimi. Magazeti ya zamani ndiyo ninayokatia vipimo, kila umri una karatasi zake, kola, mgongo, mikono, nimezitundika kwenye msumari nyuma ya cherehani. Yule mtoto yuko kwenye mkono wa shati la darasa la kwanza. Najiuliza kwa nini waandishi lazima waandike umri wa marehemu, maana ukiniambia miaka sita mimi nauona urefu wa mkono wenyewe, naliona bega, naona mahali pa kuacha pindo ili mwakani litolewe, na huo mwaka haupo. Juzi nilimpima binti wa jirani sketi nikamwuliza mara tatu anarudi shule na nani, mpaka mama yake akaniangalia vibaya. Nashona nafumua, nashona nafumua. Chai inapoa mbele yangu. Nikisikia gari linafunga breki nasimama, nakaa, nasimama tena, na sijui ninasimama kumngoja nani.

Ningekuwa nimeishia hapo labda nisingekuandikia. Lakini wiki tatu zilizopita baba aliugua kifua, akawa mtu wa kugeukia ukutani, na siku moja saa kumi akaniuliza kwa sauti ndogo kama gazeti halina chochote cha kwake. Mshauri, siku hiyo lilikuwa nacho. Liliandika kwamba kile kiwanda chao, kilichofungwa miaka kumi na minne iliyopita, kitabomolewa kuanzia katikati ya mwezi ujao, na mashine zake zimeuzwa kama chuma chakavu. Mimi nikamsomea kwamba kiwanda kinafufuliwa, na wanatafutwa wasimamizi wa zamani waje kuwafundisha vijana. Akaketi kitandani. Mtu aliyekuwa msimamizi haridhiki na habari nusu, akaanza kuuliza, lini, saa ngapi, wakamwone nani, na mimi nikajikuta najibu, Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao, saa mbili asubuhi, getini, waje na vyeti vyao. Akainua kidole. "Rudia hapo." Nikarudia, na nikakosea nikasema saa tatu, akanisahihisha mwenyewe akasema ni saa mbili.

Kifua kilipona ndani ya siku tatu. Akarudi kwa kinyozi na habari yake, na huko wakamwambia mzee, kiwanda chako kinavunjwa. Akawajibu kwamba wao wanasikia mambo mitaani, yeye anasomewa na mkwe wake, na mkwe wake hajawahi kumsomea uongo. Wakabishana hadi akaondoka, na tangu siku hiyo haendi tena pale, amewasusa wote kwa ajili yangu. Ovaroli yake ya buluu ameitoa sandukuni, nimeishona kiwiko na kuipiga pasi, imening'inia mlangoni, na kila akipita anaishika begani. Amempigia simu mume wangu kwamba Jumamosi akirudi asipange safari nyingine, Jumatatu ampeleke. Mume wangu akaniuliza habari hiyo niliisoma wapi, nikamjibu ule ukurasa nimeukatia vipimo, na hilo ni kweli tupu, ndio mgongo wa shati la darasa la nne.

Nifanye nini? Nimwambie wameahirisha? Nimwambie wametaka wenye umri chini ya sabini? Au nimwache aende asikie kwa mlinzi wa getini? Siku za mwizi arobaini na mimi nimeshazihesabu zimeisha. Ukiona barua hii inafaa, ichape, ila usinitaje. Ukurasa wako ndio pekee ninaomsomea bila kugeuza neno, maana anaupenda sana, anasema una ulimi wa msimamizi. Siku utakayonijibu nitauruka.

Mimi, msomaji wa saa kumi

MSHAURI ANAJIBU

Dada yangu, kwanza pole. Kukaa na mzee asiyeona, mume yuko barabarani, sare za watu zinangoja vifungo, na juu yake kubeba misiba ya nchi nzima peke yako, hiyo ni kazi ya watu watatu. Nimekuhurumia, na sitakuhurumia tena mpaka mwisho wa barua hii.

Uongo wa kwanza ulikuponyoka. Mimi pia ile habari ya mtoto niliisoma nikaikunja nikaiweka chini, na mimi sikuwa na mtu mbele yangu anayeuliza. Kwa huo sikulaumu. Lakini daraja? Wauguzi? Bei ya mafuta? Hapo hukuwa unamwonea huruma mtu, hapo ulikuwa umenogewa. Barua yako nimeisoma na kalamu mkononi, na kila uliposema alifurahi, alikula, alipona, nimejiuliza nani hasa alikuwa anapona. Mzee wako amepitisha maisha yake ya kazi kiwandani akisikia uzi uliokatika. Hakuogopa uzi uliokatika. Alikwenda akaufunga. Wewe umemfanya mtoto mchanga, ukamtafunia hata gazeti.

Na usiniletee ile ya "labda anajua." Hukuiandika, lakini naiona inakuja. Sijui kama anajua na wewe hujui. Ninachojua ni kwamba ameacha benchi la rafiki zake kwa sababu ya neno lako. Hilo la benchi ndilo lililonikera kuliko yote. Watu wazima wachache waliobaki wa kumbishia, na umemfanya awasuse, akiwa yeye ndiye mkosaji na wao ndio wakweli.

Umeuliza maswali matatu. Ya wameahirisha, hapana, utakuwa unashona kiraka juu ya kiraka. Ya umri, hapana, utamfanya aamini kwamba wamemkataa, na bora kiwanda kife kuliko kikuite kisha kikukatae. Ya mlinzi wa getini ndiyo mbaya kupita zote, na nashangaa uliiandika kwa mkono ule ule ulioipiga pasi ile ovaroli. Unataka mgeni akuvunjie chungu ulichokifinyanga wewe, mbele ya mume wako, mtoto wa kumzaa wa mzee, saa mbili asubuhi, watu wakipita.

Sasa sikiliza. Nimemwomba mhariri barua yako iruke foleni, itoke Alhamisi hii. Jina sikuliweka, lakini ukumbi wa kufumia, fimbo na benchi la kinyozi vimo, na kinyozi wako anajua kusoma. Gazeti litafika kwake saa moja asubuhi. Kwa hiyo Alhamisi usingoje saa kumi. Mletee chai yake, funika cherehani, mpigie kwanza mume wako huko aliko umwambie mwenyewe kwa maneno yako, kisha kaa kwenye kigoda chako. Usianze kwa kulia. Ukianza kulia atakubembeleza, na kazi itakuwa imegeuka, mkosewa anamfariji mkosaji.

Ukimaliza, simama, toa kwenye msumari ule mgongo wa shati la darasa la nne, umsomee habari ya kiwanda kama ilivyo, hata kama mkasi umekula mistari ya pembeni. Pale palipokatwa sema pamekatwa, usipajaze. Atakuuliza habari ya mtoto. Usidhani atasahau. Toa na ule mkono wa darasa la kwanza, umsomee, mkae nao wawili. Umemlilia huyo mtoto peke yako miezi yote hii, na chumba cha pili alikuwepo mtu aliyemwulizia kila siku kwa siku nane. Ulikuwa na mwenzako wa kumlilia naye, ukamfungia nje.

Atakasirika. Mwache akasirike, usimfuate fuate na sahani. Anaweza kukunyima neno siku mbili au tatu, anaweza kusema hataki tena gazeti lako. Ana haki hiyo. Wewe saa kumi ikifika, kaa kwenye kigoda na gazeti mkononi, siku hiyo na ya kesho yake na ya kesho kutwa, hata kama kiti chake kitupu. Akirudi, soma kilichoandikwa. Habari ikikushinda, mwambie, baba, hii imenishinda, na umngoje. Amesimamia watu miaka thelathini na moja, hutakuwa wa kwanza kuchoka mbele yake.

Kuhusu Jumatatu. Kiwanda kinabomolewa katikati ya mwezi, Jumatatu bado kitakuwa na kuta. Mwulize kama angependa kwenda hivyo hivyo, akiijua kweli. Akikubali, mume wako awapeleke wote wawili, mzungumze na mlinzi kistaarabu, mzee aguse mlango wa ukumbi wake kabla haujaondolewa. Ovaroli imeshapigwa pasi, na ni yake, hakuazima. Akikataa, irudishe sandukuni kwa mikono yako na usiseme neno.

Na kwa kinyozi mpeleke mwenyewe, siku atakayokuwa tayari, ukaseme mbele ya benchi zima kwamba mzee alikuwa anahadithia alichosomewa na aliyekosa ni msomaji. Watakucheka. Umewahi kucheka nao, kwa hiyo njia unaijua.

Umeniahidi kwamba siku nitakayokujibu utaruka ukurasa. Hutaruka. Hizi ndizo habari utakazomsomea Alhamisi asubuhi, kuanzia kichwa cha habari, bila kugeuza neno, matusi yangu kwako yakiwemo. Soma taratibu. Ukifika pale aliposema mkwe wake hajawahi kumsomea uongo, kidole kitainuka. Rudia hapo.