Muti wa Mujapani Uliotaka Baridi

Papa wangu,

Hodi. Ulitufundisha kwamba barua isiyo na salamu ni sawa na mtu anayeingia kwa watu bila kubisha, basi nabisha. Huku Kalemie tupo, ziwa lipo, na mimi nina aibu. Ningeweza kukuandikia kwa siri, niizike karatasi kaburini kwako, yaishe. Lakini wewe ulijishitaki mbele za watu, kwa hiyo na mimi nasema mbele za watu. Wasome wote waliokujua.

Unaukumbuka muti wa Mujapani? Nani angeusahau! Ilikuwa miaka ile ya Zaire. Yule injinia alikuja kutengeneza mashine za kunyanyulia mizigo bandarini, na wewe ulimtunzia bustani yake. Kontrati ilipoisha, alikuachia muti mmoja ndani ya sahani ya udongo. Muti huo ulinizidi umri, lakini haukufika hata gotini kwangu. Aliuita momiji. Majani yake yalikuwa na vidole, kama kiganja cha mtoto mchanga.

Majirani walikucheka sana. "Papa Feza, hauzai matunda, na kivuli chake hakitoshi hata kuku! Wa kazi gani?"

Nawe ulijibu bila kuinua kichwa, "Muuache. Huu njo mutoto wangu."

Na ulimlea kweli. Ulimpa maji ya mvua tu, yale ya kwenye pipa, ukisema maji ya ziwa yatamuunguza. Ulizungushia matawi waya wa shaba uliotoka kwenye simu mbovu, ukayapinda polepole, wiki kwa wiki. Mimi nilipotaka kusaidia na kuvuta kwa nguvu, ulinishika mkono. "Usivute, Feza. Muombe." Kila baada ya miaka miwili ulimtoa kwenye sahani, ukapunguza mizizi, ukamrudisha. Mimi nilishika sahani.

Shida ilikuwa baridi. Mujapani alikuambia kwamba muti huu usipopata baridi haulali, na usipolala unachoka mpaka unakufa. Kalemie baridi tutaitoa wapi? Lakini ulikuwa na dada yako kule juu Marungu, ambako mwezi wa saba maji ya ndoo yanauma vidole. Basi kila kiangazi ulipanda boti hadi Moba, muti mapajani, kisha kamyo mpaka mulimani kwa shangazi. Watu wa bandarini walipiga kelele, "Papa Feza anapeleka mutoto kulala!" Mvua zikikaribia ulikwenda kuuchukua, ukarudi nao ukiwa mtupu, hauna hata jani. Baada ya wiki tatu ulichipua majani mekundu, tukaitana kuja kuyatazama.

Mwaka ule mguu wako ulivimba. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba, shule zimefunga. Ukaniita uani.

"Feza, mwaka huu njo weye utaupeleka. Kaa kwa shangazi mpaka mwezi wa nane uishe. Usimuachie mutu."

"Ndiyo, Papa."

Papa, sikufika Marungu.

Boti ilisimama Mpala, kabla ya kufika Moba. Odette, rafiki yangu wa shule, alikuwa pale ufukweni. Kaka yake alikuwa anaoa. "Shuka hata siku mbili tu," akasema, nami nikashuka na sahani yako kichwani. Siku mbili zikawa wiki, wiki zikawa likizo nzima. Kila asubuhi nilijiambia kesho nitaondoka. Kwa shangazi kulikuwa na nini? Ng'ombe, ukungu na rozari. Mpala kulikuwa na muziki, na kulikuwa na kijana mmoja ambaye sitamtaja, maana hata hakunioa. Muti wako niliuweka nyuma ya jiko la kina Odette, kwenye joto na moshi, nikaumwagia maji ya ziwa nilipokumbuka.

Siku ya kurudi niliutazama vizuri kwa mara ya kwanza. Majani yalikuwa bado yapo, mengine yameungua pembeni. Ungejua palepale. Basi nikakaa chini nikaanza kuyanyofoa, moja moja, mpaka yakaisha.

"Aka! Feza, unafanya nini?" Odette akauliza.

"Namvua nguo alale," nikasema.

Tukacheka. Papa, tulicheka mpaka machozi.

Ulinipokea bandarini ukiegemea fimbo. Ulishika matawi yale matupu kwa ncha za vidole, ukatabasamu. "Umelala muzuri. Aksanti, mama." Uliniita mama, wewe ambaye neno hilo ulimwekea marehemu mama yako. Nilikuambia shangazi anakusalimu sana.

Muti ulitoa majani machache, meupemeupe, yakakauka. Mwezi mzima ulikuwa unakwaruza gome kwa ukucha kila asubuhi, ukitafuta kijani. Kabla ya Noeli muti ulikuwa kuni tu. Jumapili moja baada ya misa, watu wakiwa wamekuzunguka wakikupa pole, ukawaambia: "Nilikata mizizi mingi. Mukono wangu umeharibika. Mujapani aliniachia mutoto, nimemuua." Mimi nilikuwa nyuma yako, nimeshika kofia yako.

Tangu siku ile hukupanda tena kitu. Watu walileta miche ya malimau na machungwa uwaunganishie matawi, kama zamani, ukawarudisha. "Tafuteni mutu mwenye mukono muzuri." Na kila aliposhuka mtu kutoka Marungu, mimi nilijificha, nikiogopa atasema shangazi hakuniona. Shangazi hakushuka kamwe, Mungu alimwita hukohuko. Nikafurahi, Papa. Nisamehe, nilifurahi.

Halafu nikamzaa Sifa. Unajua desturi yetu, babu ndiye anapanda mgomba juu ya kitovu cha mjukuu. Nilikuletea kitovu ndani ya kitambaa. Ukaweka mikono nyuma ya mgongo.

"Hapana, mama. Mukono huu unaua. Usiuweke karibu na mutoto wako."

Neno moja tu lingetosha! Nikakifunga kitovu tena, nikaenda kwa jirani, akaupanda mgomba yeye. Mgomba ulizaa. Ulikula ndizi zake, ukausifu mkono wa jirani.

Nilikuwa naogopa nini? Kupigwa? Hukunipiga hata siku moja. Niliogopa usiniite mama tena, basi. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imepita msiba wako, ikaendelea.

Mpaka wiki hii. Sifa ana mimba, Papa, utapata kitukuu. Mume wake hana wazazi, na baba yake Sifa amekwisha kufa. Kwa hiyo kitovu kimenirudia mimi. Jana tulikuwa tunachambua dagaa, akaniambia, "Mama, utapanda weye. Muzuri hata Babu hayuko, maana alikuwa na mukono mubaya. Kila mutu anajua."

Kila mtu anajua. Mjukuu wako, mwenye vidole virefu kama vyako, amekua akiamini hivyo, na mimi ndiye niliyemlisha uongo huo. Nilishindwa kuendelea na dagaa.

Kesho nitamsomea barua hii yeye kwanza, kisha nitaipeleka pale nje ya kanisa uliposimama, niisome kwa sauti. Watanicheka, wengine watanitemea mate. Wana haki. Baadaye achague mwenyewe nani ampandie mtoto wake mgomba, akijua ni mkono wa nani ulionyofoa majani yale.

Mkono wako hauna damu, Papa. Pumzika.

Ni mimi binti yako,
uliyemtuma Marungu.