Barua Aliyotunyima Bibi Zaina

Baba, shikamoo.

Najua huitikii tena, lakini siwezi kuanza bila kukuamkia.

Tangu tukuzike, mtama umeshavunwa. Mama amehamia kwangu hapa Kinampanda, na amekuja na sanduku lako la barua. Baba mdogo alitaka kuzichoma, akasema ni karatasi za watu waliokwisha kufa. Mama akalikalia sanduku mpaka baba mdogo alipoondoka.

Nakumbuka yule mwalimu Mmarekani wa misheni alipokuonyesha barua iliyoandikwa kwa mkono na mmoja wa viongozi wa kwanza wa nchi yao, imewekwa kwenye fremu ya kioo. Siku ile ulirudi nyumbani, chakula hukukigusa. Ulisema, "Watemi wetu nao waliandika. Barua zao ziko wapi?" Basi kila ukipata likizo ya kazi yako ya ukarani, unatembea kijiji hadi kijiji ukiziomba. Ulipata nyingi. Ya yule kikongwe Bibi Zaina tu ndiyo iliyokushinda, miaka yote ile.

Baba, juzi amekuja. Ametembea kutoka kwake, na umri ule, barua ameifunga kwenye pindo la kanga. Nikadhani ameileta iingie sandukuni. Nilifurahi kwa ajili yako. Akasema, "Sikuja kuitoa, mwanangu. Nimekuja unisomee. Baba yako alikuwa ananisomea kila baada ya mavuno."

Hukuwahi kutuambia.

Nikasoma. Mtemi wa zamani anamwomba Bibi radhi, kwa mkono wake mwenyewe, kwa kuwa yeye ndiye aliyemtoa mumewe akawe mpagazi katika vita vya Wajerumani, na mume hakurudi. Nilipofika kwenye jina la mume nikapita haraka. Bibi akanishika mkono.

"Hapo baba yako alikuwa anatua kwanza," akasema. "Ananiacha nilisikie."

Nikarudia. Nikatua. Katika ule ukimya, Baba... nilikusikia ukivuta pumzi, kama ulipokuwa unanifundisha kusoma. Nikashindwa kuendelea. Tukalia wote wawili.

Baadaye nilimfungia barua yake pindoni, nikamsindikiza hadi njia panda.

Pumzika, Baba. Mwakani hatatembea tena. Nitakwenda mimi kwake, nimsomee, kisha nirudi mikono mitupu kama ulivyokuwa unarudi wewe.