Kabla Hujakodi Ile Nyumba ya Musoma

Kibara, Bunda,
17 Novemba 1991.

Mpendwa kaka Masatu,

Pokea salamu zetu kwanza, mengine yatafuata. Habari za Mtwara? Wifi Lukresia hajambo? Na mguu wa Alfonce umepona, au bado anauburuta ili asitumwe dukani? Mimi nipo, ila mgongo unanisumbua tangu tupalilie mihogo. Mama anajitahidi. Habari za baba nitakueleza mbele.

Barua yako tuliipata Jumapili baada ya misa, nikaisoma kwa sauti barazani, wote wakisikiliza kama kawaida yetu. Uliniomba nikutafutie nyumba ya kukodi Musoma kwa Krismasi, karibu na ziwa, kwa kuwa nyumba yako ya hapa iliangushwa na mvua za masika, na wifi hawezi kulala chini ya paa moja na baba mkwe wake. Sawa kaka, mila ni mila. Sikulaumu.

Nilipopeleka dagaa Musoma nikaonana na dalali mmoja anaitwa Clementi. Siku hizi kila mwenye shati lililopigwa pasi ni dalali. Akanipeleka kwenye nyumba yenye rangi mpya na kibaraza, na ziwa unaliona ukiwa umekaa. Lakini uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Nilifungua bomba, likapiga mluzi tu. Clementi akasema maji hutoka asubuhi. Jirani, mama Nyamburi, akacheka, nikaziona ndoo zake zimejipanga mlangoni, nikaelewa. Choo kiko uani, wanakitumia nyumba tatu, na kimejaa. Dari ina madoa ya mvua kila chumba, hasa juu ya mahali ambapo wangelala watoto.

Hayo ningeyavumilia. Ila mama Nyamburi alinivuta pembeni.

"Dada, umeshamuona mwenye nyumba? Huyu anapangishaga watu wawili nyumba moja. Krismasi iliyopita wageni walikutana hapa mlangoni na mizigo yao, wengine wakaenda kulala stendi na watoto."

Nilipomuuliza Clementi, akasema mwenye nyumba yuko Tarime. Nikaomba ufunguo wa mlango wa nyuma, hana. Kaka, ukiwa mbali usikubali nyumba ya kusimuliwa. Mtume mtu wako aingie, afungue bomba, atazame dari, amuulize jirani kabla ya dalali, na mwenye nyumba amuone kwa macho yake. Nilimwambia Clementi atapata jibu, nikarudi nyumbani.

Sasa la baba. Siku ile niliyosoma barua alisikiliza mpaka mwisho, akaenda zake kulala. Kesho yake natoka kuteka maji, namkuta anaburuta kitanda chake. Amehamia kile kibanda cha nyavu, kule chini karibu na maji. Mama alidhani kamkosea. Alipomuuliza, baba alimjibu hivi:

"Nyumba ni ya Masatu sasa. Mimi si nilikuwaga nalala na nyavu tangu ujana? Mkwe aje alale. Humo hamna baba mkwe tena."

Kibanda kile unakijua: ukuta wa matete, mlango hakuna, na mvua za vuli zimeanza. Kile kifua ulichokiacha kinakohoa sasa kinatoa damu. Tulimpeleka hospitali, wakatuandikia dawa za kununua, tukanunua. Anameza, kisha anarudi kulala palepale. Paroko amemsihi, wazee wamemsihi. Anasema kitu kikishatolewa hakirudishwi, akiingia atakuwa amemnyang'anya mwanawe nyumba. Nimemkasirikia mpaka nimelia.

Mama naye hataki kulala ndani bila yeye, analala jikoni. Nyumba kubwa tumeifagia, tumetandika vitanda, na hakuna mtu. Juzi mvua ilipopiga, baba alitoka kibandani akaizunguka nyumba yote, amelowa chapachapa, anatazama kama paa lako linavuja.

Kwa hiyo Clementi sijamjibu, wala sitamjibu. Usingoje Krismasi. Tangulia peke yako, wifi na watoto watafuata, na nyumba yako iliyoanguka tutaisimamisha upya pamoja. Wewe mwenyewe nenda kule kibandani, umshike baba mkono, umkaribishe ndani. Sisi wengine hatuwezi kumkaribisha kwenye nyumba isiyo yetu. Mwenye nyumba ni wewe, amesema mwenyewe.

Msalimie wifi, umwambie hana kosa lolote. Wabusu Alfonce na Ursula. Shangazi Gati na mjomba Wenceslaus wanakusalimu. Mungu akufungulie njia, na akukutanishe na baba angali anakohoa.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata nikiwa na hasira,
Dafroza