Kaseti Uliyokuwa Ukiizima Katikati

Mume wangu, Baba Mwamba,

Nimerudi kutoka Mutshatsha. Nilikwenda kwa Kabamba. Najua ungekuwa hai ungeinuka kitini, ungefunga mlango kwanza, kisha ungeniuliza kwa sauti ya chini ni nani aliyenituma. Hakuna aliyenituma. Acha nikueleze tangu mwanzo, maana nikianzia mwisho hata mimi nachanganyikiwa.

Ulirudi kutoka Chekoslovakia na diploma ya umeme, koti zito ambalo Kolwezi hii halikukufaa hata siku moja, na sanduku la kaseti za sinema. Tulipooana na kupewa nyumba katika kambi ya wafanyakazi wa kampuni ya mgodi, televisheni ilikuwa kitu cha kwanza ulichokitafuta, kabla ya kabati, kabla ya vitanda vya wageni. Jumapili ya kwanza uliniketisha mbele yake. Nilitegemea mapenzi na ngumi. Nikaona bibi kizee akimenya viazi, na hakuna aliyesema neno. Nilikuuliza sinema itaanza saa ngapi. Ulicheka, ukanijibu kwamba imeanza zamani.

Ilinichukua miezi kuelewa ulichokuwa unakiona. Watu wa sinema zile walitoka jasho. Walikuwa na meno mabovu, walitafuna huku wakisema, walikosea hatua wakicheza dansi. Ulinieleza kwamba wengine hawakuwa waigizaji kabisa, walikuwa wakulima na waokaji mikate waliochukuliwa kijijini na kuambiwa wawe vile walivyo. Na ulinifundisha kutazama pembeni mwa picha. Mkubwa anahutubia, lakini kamera inamwacha na kwenda kwa mzee anayesinzia safu ya nyuma, au kwa mtoto anayejaribu kuficha keki mfukoni. Ulisema hotuba ni za wakubwa, sinema ni ya yule asiyetazamwa.

Kabamba na mkewe Tereza hawakukosa Jumapili hata moja. Nyumba zetu ziligawanywa na ua tu, wewe na yeye mlifanya kazi karakana moja, na ni yeye aliyemshika Mwamba wetu kwenye ubatizo. Baada ya misa walivuka ua, mimi nikaleta kinywaji cha munkoyo kwenye jagi na karanga kwenye sahani, na wewe ukasimama kando ya televisheni kututafsiria. Ulifanya sauti zote, ya padri, ya polisi, ya bibi harusi. Tukiona wanakula madonge yao meupe ulitwambia ni kama bukari, ugali wetu, ila ya ngano. Mahali pengine ulikwama, ukasema, "Hapa amesema kitu kizuri sana, lakini kwa Kiswahili hakiingii," na Kabamba akakuzomea.

Za Waslovaki ulizipenda kwa namna nyingine. Ulipunguza maneno. Ulituacha na milima, kondoo, kanisa la mbao, na wanawake wa vitambaa vyeusi waliotembea nyuma ya jeneza bila kulia. Tereza alilia kwa niaba yao. Za Wacheki tulicheka mpaka mbavu zikauma, halafu kicheko kikatukatikia kooni bila kujua kwa nini. Ni Kabamba aliyelisema vizuri. Alifuta macho akasema, "Batu ba kule banacheka na woga, sawa siye." Kisha ukatueleza, kwa sauti ya chini kwa sababu kambini nako kulikuwa na masikio, kwamba baadhi ya sinema zile serikali yao yenyewe ilizifungia kabatini miaka mingi.

Na kulikuwa na ile ya mpima nafaka. Unaijua. Kijiji, kinu, mtu mpole wa mizani. Kamati inamwita imwambie atie sahihi kwamba jirani yake alilowesha nafaka makusudi ili ioze. Hakuna anayempigia kelele. Wanamkatia keki, wanamuuliza habari za goti lake. Hiyo ndiyo iliyonitisha, ule upole. Mara ya kwanza mimi nilikuwa chumbani na Mwamba aliyekuwa na homa, nikatoka karatasi ya kamati ikiwa bado mezani, nikarudi kumnywesha dawa, na mwisho wake sikuuona. Lakini nilimsikia Kabamba akikuuliza ungefanya nini wewe. Ulimjibu haraka kwamba usingesinya, usingetia sahihi. Alikuamini. Na mimi nilikuamini.

Mwaka uliofuata transfoma iliungua. Kijana mmoja wa karakana aliungua mkono mpaka kwenye bega. Kabamba ndiye aliyekuwa zamu. Mara mbili alikuwa amemwambia shefu, mkuu wa karakana, kwamba mashine ile inanguruma vibaya, wewe ulijua, sisi sote tulijua kwa sababu alilalamika mbele ya televisheni yetu. Ripoti ikatoka kwamba alikuwa amelala. Akafukuzwa kazi, na nyumba ilikuwa ya kazi. Niliwasaidia kufunga vyombo. Tereza alinikabidhi mche wake wa ndimu ulio kwenye kopo, akasema treni haitaufaa. Wewe hukutoka nje. Ulisema kichwa kinakuuma. Walikwenda Mutshatsha kwa shemeji yake Kabamba, wakaanza kuchoma makala, makaa ya kuuza.

Jumapili ziliendelea, sisi wawili na watoto. Lakini kila nilipokuomba ile ya mpima nafaka, uliizima pale kamati inapokata keki. Ulisema kaseti imeharibika kuanzia pale. Miaka yote hiyo, Baba Mwamba. Watoto walikua, kampuni ikayumba, majirani wakabadilika, vijana kutoka kila mkoa wakaja kuchimba kobalti karibu na nyumba za watu, na kaseti ile ikabaki imeharibika mahali palepale.

Kisha hospitali. Siku tatu kabla hujatuacha, mchana, nilikuwa nakupangusa shingo. Ulinishika mkono.

"Kaseti haikuharibika," ulisema. "Mi njo nilisinya juu ya Kabamba."

Ukageuka ukutani. Mimi nikasuuza kitambaa, nikaendelea na mgongo. Watu walioniona nikikulilia kwenye mazishi walifikiri wanajua ninachokililia.

Binti yetu alizipeleka kaseti Lubumbashi, akazihamishia kwenye flashi. Ilikaa kwenye droo. Mwezi uliopita, alasiri moja, nilifunga mlango nikaichomeka. Wewe hukuwepo kunitafsiria, lakini baadaye wenzako uliosoma nao kule walikutumia nakala yenye maandishi ya Kifaransa chini, ambayo hukutuwekea hata siku moja, na mimi nilifundisha Kifaransa shule ya msingi miaka ishirini na sita. Hukuwa umetudanganya. Ulitafsiri vizuri, na hata keki ilikuwa vile nilivyoikumbuka. Nilipofika pale ulipozoea kubonyeza, niligeuka nyuma kana kwamba nawe uko chumbani.

Anatia sahihi. Kamera haimwangalii akiandika. Inakwenda mlangoni, kwa mke wake, ambaye amesimama na sahani mkononi. Amesikia yote. Anasimama pale muda mrefu sana, mpaka mtu unataka kumsukuma aingie. Kisha anarudi jikoni na kuanza kuosha sahani ambayo haijaliwa.

Nilizima. Nilikaa. Hapo ndipo nilipolazimika kukumbuka jambo ambalo nilikuwa nimelizima mimi mwenyewe.

Wiki ile ya transfoma, shefu alikuja nyumbani kwetu Jumamosi, saa sita mchana. Aliusifu munkoyo wangu. Alikuambia mtaalamu kama wewe ndiye tegemeo la karakana. Nilikuwa naleta karanga nikasikia jina la Kabamba, nikasimama nyuma ya pazia la jikoni. Ulisema hukumwona akilala. Yeye akakujibu polepole, kama anayembembeleza mgonjwa, "Hakuna anayekuuliza kama ulimuona. Ni kusinya tu." Mwamba alikuwa na miaka minne, na nilikuwa na mimba ya binti yetu. Nilirudi jikoni, nikafungua bomba la maji mpaka mwisho ili nisisikie jibu lako. Wewe ulifikiri unanificha. Nilikuwa najificha mwenyewe, na nilikuacha ulibebe peke yako mpaka hospitali kwa sababu ilinifaa hivyo.

Ndiyo maana nilipanda gari la Mutshatsha, kati ya magunia na kuku. Barabara nzima nilitafuta maneno nikayakosa.

Tereza alikuwa barazani akichambua maharage. Alinitambua mara moja na hakuinuka. Kabamba alikuwa kitini ndani ya lupango, uani mwao; macho yake yamefifia sasa, alinijua kwa sauti. Alisema, "Mama Mwamba," basi. Nilibaki nimesimama, kwa sababu hakuna aliyenipa kiti. Nikasema kwamba ulisinya. Nikasema kwamba nilisikia shefu akikuomba, na nikafungua maji.

Tereza aliendelea kuchambua. Kabamba akaniambia kwamba walijua tangu wiki ileile, karani mmoja aliwaonyesha jina lako kwenye karatasi. Mimi sikutegemea hilo. Ina maana siku ile nilipomfungia Tereza sufuria zake kwenye shuka, alikuwa anajua, na bado alinipa mche wake.

"Tulijua," alisema Kabamba. "Tulikuwa tunangoja mutu akuye aseme."

Nilimwambia basi nimekuja, nikamuuliza nifanye nini. Nilikuwa tayari kwa lolote, hata kufukuzwa. Akasema, "Batoto yangu banajua baba yao alilala ku kazi. Sema mbele yao."

Akatumwa mtu awaite. Wawili walikuja kutoka sokoni, na mkubwa, Ngoie, akaja akiwa na vumbi la mahindi mikononi. Ana mashine ya kusaga karibu na stesheni. Unamkumbuka, ulikuwa ukimbeba mabegani tulipokwenda Nzilo kuangalia maji ya bwawa. Ana mvi sasa. Nilisema yote tena, kuanzia transfoma, mbele ya lupango zima, na jirani mmoja akaja kusimama kwenye ua akisikiliza, na Kabamba hakutaka aondolewe. Ngoie aliniacha nimalize.

"Mama, ulijua miaka yote?"

Nilijibu kwamba nilijua. Akatoka nje ya lupango bila kufunga mlango.

Dada yake ndiye aliyenieleza. Ada za shule zilipowashinda, Ngoie akiwa kijana, alimwambia baba yake usoni kwamba angekesha kazini wao wasingekuwa wachoma makala. Kabamba hakujitetea, kwa sababu hakuwa na shahidi. Tangu hapo walisalimiana kama wageni. Hilo ndilo tulilolifanya mimi na wewe, Baba Mwamba. Nyumba ni tofali tu. Tulimchukulia mtu mtoto wake.

Ngoie alikawia. Jua lilikuwa limepanda, nilikuwa bado wima, miguu inaniwaka. Aliporudi alikuwa amenawa mikono. Alikwenda nyuma ya kiti cha baba yake, akaweka kiganja begani pake, na mzee akainamisha kichwa mpaka shavu likagusa vidole vile. Nilitaka kutazama pembeni lakini nilijilazimisha kuona.

Tereza akaniletea maji, nami nikanywa nimesimama. Nilipoaga nilimuuliza Kabamba kama kuna neno lolote nikupelekee kaburini.

"Weye umekuya," akasema. "Yeye hakukuya."

Nimekuletea kama alivyolisema. Sijapunguza.

Watoto wetu nimewaeleza. Binti alilia kwenye simu, kisha akaniuliza njia ya kufika Mutshatsha. Mwamba ameniambia nimekuchafua, kwamba marehemu hajibu na mimi nimetumia nafasi hiyo. Hajanipigia simu tangu siku hiyo. Nimemwambia baba yake wa ubatizo bado yu hai. Sitamwambia zaidi ya hapo.

Nakukumbuka ukifanya sauti ya bibi harusi. Nakukumbuka usivyoweza kulala Jumamosi ile na zilizofuata, nami nikijifanya nimelala. Ulikuwa mtu mwema aliyeogopa, na mimi nilikuwa mwanamke wa mtu huyo, niliyeogopa vilevile. Miaka yote nikiulizwa habari zako nilijibu kwamba hukumkosea mtu. Nakupenda bado. Ila sitakutetea tena.

Pumzika, kama unaweza.

Mke wako,
Mama Mwamba