Kitambaa Nilichokishona Mbele ya Trakta

Baba Ilunga, mume wangu,

Leo kwenye barabara ya Kasenga nimeona trakta imekwama, mvuke unafuka, na dereva wake anaipepea kwa kofia. Anapepea! Nusura nimpigie kelele: fungua wavu wa rejeta, mjinga wewe! Kisha nikakaa chini kando ya barabara nikalia, watu wakinipita.

Unakumbuka nilivyokuletea bukari, ugali wako wa mchana, saa sita pale shamba la kampuni, ukakataa kula kwanza? Ulifungua kapo, kile kifuniko cha injini ya trakta yako, ukalegeza skrubu mbili, ukauvuta wavu kwa ubavu polepole, umejaa makapi ya mahindi hata tundu hazionekani. Siku ya kwanza nilishika brosi nikaanza kusugua. Uliruka!

"Hapana ku mbele, Mama Ilunga! Utaingiza bichafu mu ndani. Piga ku mugongo, bitoke kwenye biliingilia."

Nikakuambia basi kaoe hiyo trakta. Ulicheka mpaka ukakohoa. Tukakung'uta wavu pamoja, makapi yakatujaa kichwani. Nilikuwa na raha siku zile, wala sikujua kama ni raha.

Kisha ikaja sikukuu ya chama. Siku mbili ulikata majani makavu kwenye uwanja, na trakta hiyohiyo ikachaguliwa kutangulia gwaride mjini. Sisi wanawake wa animasyo, kazi yetu kuimbia na kuchezea chama, tulipewa kitambaa cha kijani chenye picha ya Kiongozi, kifunike mbele ya trakta. Ni mimi niliyekishona kwenye vyuma vya mbele ya wavu, kwa uzi wa godoro, ili picha isipeperuke. Asubuhi ukaja na brosi yako.

"Wavu iko imejaa majani. Fungua kidogo, nipanguse."

Vidole vilikuwa vinaniuma, na wenzangu walikuwa wanatazama. Nikakujibu ovyo: "Leka! Wavu wako utangoja kesho." Ulirudisha brosi chini ya kiti, ukapanda.

Mvuke ulitoka mbele kabisa ya viti vya wakubwa. Ulizima trakta, ukashuka na kisu. Nakujua, mume wangu, ulikuwa unawaza injini tu. Ulikata uzi wangu, na kwa jinsi ulivyokazwa, kisu kikateleza kikapasua uso ule katikati. Ngoma hazikukoma, nani angethubutu kuzikomesha? Wanaume wawili wakakushika mikono, mmoja akapaza sauti:

"Nani alishona hii? Bibi yake iko wapi?"

Nilikuwa hatua tano tu kutoka kwako. Ulinitazama mara moja, ukageuza uso.

"Ni miye peke yangu. Bibi yangu iko ku nyumba."

Nimebisha kila lango la gereza mjini humu, na kila lango wananiambia jina lako halimo. Sijui nikuombee kama mzima au kama marehemu. Uchungu huu haunitoki, Baba Ilunga, na aibu ndiyo kabisa. Kijana wetu anaamini siku ile nilikuwa nyumbani nikimnyonyesha, maana ndivyo ulivyosema na ndivyo nimemwambia miaka yote. Sikuwa nyumbani. Walipokuwa wakikupandisha garini, mimi nilikuwa nacheza, nacheza na kutabasamu kama tulivyofundishwa, na sikuacha mpaka gari lilipokata kona.

Popote walipokuweka, mume wangu, upate mahali pa kulaza kichwa.

Mkeo,
Mama Ilunga