Saini ya Tatu

Jumanne, 3 Juni 2003

Barua ya Bulgaria imefika. Nimeifungua kwa wembe, siyo kwa vidole kama washamba. Ukurasa wangu umerudi salama, na Mbulgaria kasaini. Mkono unatetemeka, wino umeruka, lakini kasaini. Waziri mzima huyo. Zamani ukimtazama vibaya unapotea. Leo kazeeka, kasahauliwa, anamjibu Sefu wa Turffontein.

Nilimwambia nina kansa. Barua kaandika Zuhura, mwanangu. Kiingereza ni chake, uongo ni wangu. Alinuna. Anune. Wazee wale wa serikali za kikomunisti zilizoanguka, wakisikia mtu anakufa wanasaini haraka. Wanapenda kukumbukwa.

Saini za wakubwa wale ninazo kumi na tisa sasa. Hakuna mtu mweusi Johannesburg mwenye kumi na tisa. Hata mzungu sijamsikia.

Alhamisi, 5 Juni

Ukurasa uko mezani, naula kwa macho. Niliukata kwenye jarida la bure la ubalozi, Morogoro, nikiwa mtunza stoo wa kambi ya wapigania uhuru. Picha ya wakubwa watatu jukwaani, mikono juu. Mjerumani kushoto, alisaini mwaka jana. Mbulgaria kulia, tayari. Katikati Mhabeshi. Serikali yao ilipoanguka alitoweka. Wengi wanasema kafa. Mahali pake peupe. Panauma kama jino.

Sikio lake la kushoto halina ncha. Nimeliona leo kwa miwani.

Jumamosi, 7 Juni

Nimempata! Mimi Sefu, peke yangu, bila polisi wala kompyuta. Ni Yosef fundi saa, karibu na uwanja wa mbio za farasi, kibanda kati ya spaza, kiduka cha mtaani, na kinyozi. Miaka miwili nampita, tunasalimiana. Leo kainama, lenzi jichoni, kofia kaivua. Nikaona sikio. Nikarudi nyumbani kutazama picha. Nikaenda tena kutazama sikio. Ndiye.

Jumatatu, 9 Juni

Nimekwenda na ukurasa kwenye bahasha. Nikauweka juu ya kioo cha meza yake. Kiswahili anajua, alijificha Nairobi miaka mingi. Aliutupia jicho mara moja tu.

"Mzee wangu, huyu alishakufa."

"Maiti haitoki jasho, bwana. Saini."

Eish, alivyosawijika! Kasema ana mke, mwenyeji wa hapa, na binti anayetambaa. Mke hajui kitu. Wahabeshi wenzake wakijua yuko wapi watamuua. Kaniomba nimwache kama nilivyomkuta. Kanipa saa ya bure, ya Kijapani. Nimeichukua. Saini hakutoa.

Ananiona mimi mtoto.

Jumanne, 10 Juni

Nimerudi. Nikamwambia kila Ijumaa naswali Fordsburg, na kule Wahabeshi wenzake wapo, wana maduka. Niwaonyeshe picha? Labda wao wanamkumbuka. Nilisema kwa upole, natabasamu. Akisaini, siendi kwa mtu. Aliufunga mlango wa kibanda. Kisha akaomba kalamu. Mkono imara, siyo kama wa Mbulgaria. Kaandika kwa herufi zao, zile kama njiti za kiberiti zilizomwagika.

"Sasa umenimaliza," kasema.

"Wewe ulisainia watu wangapi wachukuliwe? Mimi mmoja ndiyo nikumalize?"

Nimecheka njia nzima.

Jumatano, 11 Juni

Nimeingiwa na shaka. Herufi zile sizijui. Za kizungu zenyewe naziparamia. Itakuwaje kama kaandika "mjinga wewe"? Au jina lake la uongo, la ufundi saa? Nikifa watu waje waseme Sefu alidanganywa? Mimi nadanganya, sidanganywi.

Zuhura anasema, "Baba, mwache mtu wa watu." Nimemwambia ana mume, akamshauri mumewe.

Ijumaa, 13 Juni

Nilimwahidi Yosef siendi kwa mtu. Lakini ahadi ile niliitoa kabla ya shaka.

Baada ya swala nimekwenda kwa Almaz, mama wa Kihabeshi anayeuza kahawa na viungo pale Fordsburg. Kakulia Nairobi, Kiswahili chake cha kule. Picha niliifunika kwa karatasi, nikaacha saini peke yake. Mimi si mjinga. Nilitaka anisomee jina tu.

Alisoma. Akaweka chini kijiko cha hiliki. Akaingia nyuma, akatoka na faili la karatasi zake za ukimbizi. Akavuta karatasi moja kuukuu, imeshaanza kukatika kwenye mikunjo. Chini kuna saini. Ile ile, hata mkia wake.

"Hii walimpatia mama siku walichukua baba yangu," kasema. "Hakurudi. Mzee, hii yako ni ya lini?"

Jamani, ya kweli! Nilipiga meza hata mizani ikaruka. Nikamwambia ni ya Jumanne, nimemshika mwenyewe, fundi saa wa Turffontein, karibu na farasi. Yalinitoka yote. Mtu akishinda lazima aseme.

Kanifungia kahawa, hakutaka hela. Punje zikamwagika. Hakuziokota.

Jumapili, 15 Juni

Jana watu wanne waliingia kibandani kwa Yosef wakafunga mlango. Kinyozi alisikia kila kitu ukutani. Hawakuiba hata saa moja. Walimwekea mikono juu ya meza wakatumia nyundo. Kidole kimoja kimoja. Na kila kidole walitaja jina la mtu. Vidole viliisha, majina hayajaisha. Yuko hospitali, yu hai.

Leo mkewe kaja hapa, mtoto mgongoni. Kaongea Kizulu na Zuhura mlangoni. Alitaka kujua mzee wa bahasha alimfanya nini mumewe, maana tangu Jumanne alikuwa hali chakula. Walilia wote wawili. Mimi nilikuwa chumbani. Sikutoka.

Zuhura kaja baadaye kaniuliza, "Baba, ulimwambia nani?" Nimemjibu mimi sikumpiga mtu, nyundo sina. Na huyo zamani alikuwa anasaini nini, vyeti vya ndoa?

Halafu nikawaza jambo moja, likanifurahisha. Mkono ule hautashika kalamu tena. Saini yangu ni ya mwisho duniani.

Alhamisi, 19 Juni

Baridi. Majani yote ya uani yamepigwa na jalidi.

Kibanda kitupu. Yosef katolewa hospitali, wamehama yeye na mke na mtoto. Hakuna anayejua wapi. Kinyozi naye hanikati tena nywele, anasema mashine mbovu. Nimeisikia inalia.

Ukurasa nimeutia fremu nikautundika sebuleni. Nilipotoka msalani nikaukuta kitandani kwangu, kioo kimeangalia chini. Nimeutundika chumbani. Saini tatu. Nimeutazama mpaka chai ikapoa.

Asubuhi hii Zuhura alipita mlangoni kwangu akienda kazini. Tangu ajue kusema hajawahi kunipita bila shikamoo, hata siku aliyokuwa anaumwa uchungu wa kuzaa. Nilikaa sawa kitandani, nikasubiri. Viatu vikapita. Nikasikia geti.

Nikaitika hivyo hivyo. Marahaba.